Pua ya Mjukuu

Kila Jumamosi mzee Ewald, aliyepanga herufi za madini ya risasi kwenye kiwanda cha uchapaji hadi viwanda vya namna hiyo vikafa, huenda kwenye chama cha kompyuta mjini Braunschweig, Ujerumani, kumtazama mtunza mashine akifanya kazi. Mtu huyo hufunga mlango, huuvuta kuujaribu, kisha huufungua na kuufunga upya. Simu ya kisasa hana; huiita mlango usio na komeo. Vidole vyake hunukia keki, na kila akibonyeza kitufe hunong'ona, “Taratibu, mama,” kama anayekamua ng'ombe. Kiini cha mfumo wa kompyuta amekibana kwa usalama hata hakiruhusu programu yoyote kuchora kwenye skrini, hivyo picha hazifunguki, ni maandishi tu. Kukilegeza lazima mashine izimwe, nayo haijazimwa kwa miaka tisa. Ewald hupenda hivyo. Watu wa leo hawasomi, wanagusagusa vijipicha.

Jumamosi iliyopita binti wa mtunza mashine alimtumia baba yake barua pepe yenye picha ya mjukuu wake wa kwanza. Kidole cha mtunza mashine kilisimama juu ya swichi ya kuizima, kikarudi mfukoni. Kisha akaiamuru mashine iigeuze picha kuwa herufi na tarakimu, na mtoto akashuka kwenye skrini mstari kwa mstari.

“Ana pua yangu,” alisema mtunza mashine.

Ewald akavaa miwani. “Mwenzangu, hiyo ni nane tu.”

“Na yangu je?”

Ewald akaikagua pua ile kama ukurasa unaosubiri kuchapwa. “Nane,” akakubali. “Ila yako ni ya saizi ya kichwa cha habari.”