Nyungu ya Mama Isiyokaa Nyumbani

Siye tuliokulia kamp ya Panda, kambi ya wafanyakazi wa kampuni hapa Likasi, enzi king'ora cha kazi kikilia asubuhi na kila mama anajua saa ya kuweka maji ya chai motoni, tulijua nyumba ya mtu kwa vyombo vyake. Hukuhitaji kuingia ndani. Ulipita tu nyuma ya nyumba, ukatazama kichanja ambapo sufuria zimepinduliwa juani, ukajua humu mwanamke yupo au hayupo. Za mama yangu ziling'aa mpaka zinaumiza macho. Na nani alizing'arisha? Si yeye! Ni sisi wasichana, tumechuchumaa bombani na mchanga, majivu na gunzi la mahindi, tunasugua hadi kucha zinakwisha, naye amesimama mlangoni mikono kiunoni: "Sugua! Sugua tena! Minye nataka nione sura yangu mule!"

Leo binti yangu ana kikaango cheusi alichonunua Lubumbashi. Jamani, masharti yake! Mama, usikisugue na mchanga. Mama, usikikwangue na kijiko. Mama, moto kidogo kidogo. Nikamuuliza, hiki ni chombo au ni mgonjwa? Mwaka haujaisha, kimeshachubuka. Ana na jiko la umeme, zuri kweli, lakini ingawa bwawa la umeme la Mwadingusha liko hukuhuku kwetu, umeme ukikatika anakuja mbio kuazima mbabula yangu ya makaa. Nampa. Ila nacheka kwanza.

Mbabula zetu alitengeneza Baba mwenyewe. Alikuwa fundi wa kuunga vyuma kazini, na kopo la rangi likiisha huko halikutupwa, lilirudi nyumbani, likatobolewa matundu kwa msumari, likawa jiko. Sahani zilikuwa za bati la emaye, nyeupe zenye ukingo wa bluu na maua mekundu chini kabisa. Mama akitupakulia maharage alisema, "Kula mpaka maua yaonekane." Tukala, maua yakaonekana, na sahani ikilambwa vizuri ilikuwa haijui kama imeliwa. Ya Baba haikuguswa na mtu mwingine. Hata akiwa kazini, sahani yake ilikaa juu ya kabati, na sisi tukipita tunashusha sauti. Mnacheka? Wa rika langu hawacheki, nao walikuwa nayo hiyo sahani.

Lakini mkubwa wa vyombo vyote kwetu alikuwa nyungu. Likasi tunasema nyungu, iwe ya udongo, iwe ya chuma. Hii ilikuwa ya chuma kizito, nyeusi, tumbo kubwa, miguu mitatu. Bibi yangu, tuliyemwita Nkambo, alipewa na bwana yake kule Kambove alipozaa mtoto wa kwanza, na mtoto huyo ndiye mama yangu. Mama alipoolewa akahama nayo. Siku ya kuhama ikadondoka kutoka kwenye lori, mguu mmoja ukakatika. Baba akauunga. Aliunga vizuri sana, lakini kwa moyo wa bwana harusi aliweka chuma kingi, basi mguu ule ukatoka mnene kuliko wenzake. Nyungu ikiwa motoni ulidhani inataka kutembea.

Na kutembea ilitembea. Nadhani ilikaa majirani kuliko kwetu. Ubatizo, harusi, komunyo ya kwanza, na zaidi ya yote, kilio. Mtu akifa, kabla hata majani hayajawekwa njiani kuonyesha nyumba yenye msiba, utasikia mlangoni: "Mama Adolphine, tunaomba nyungu." Adolphine ni dada yangu mkubwa, sisi wadogo tukimwita Yaya, na kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama hakuwahi kuuliza ya nini, wala mpaka lini. Vijana wawili walipitisha mti kwenye mshikio, wakaibeba. Na sheria ilikuwa moja: nyungu ikienda kwenye kilio haifuatwi. Wafiwa wenyewe, kilio kikiisha, wanaiosha na kuirudisha. Ukienda kuidai, ni kama unawaambia wamelia vya kutosha.

Sasa sikieni yaliyotukuta.

Yaya Adolphine alipata mchumba, kijana mmoja wa Kambove, Justin, mpole, meno meupe. Tulimpenda wote. Kazi ilikuwa kwa shangazi yake, Tante Philo, aliyemlea baada ya mama yake kufa. Tante Philo alijulikana toka Kambove mpaka Likasi. Ilisemekana alishamkataa msichana mmoja kwa sababu ya bukari, yaani ugali, yenye mabonge. Na pale kwetu, wakwe wakija mara ya kwanza, bukari yao ilitakiwa itoke nyungu moja, laini, moto, itoshe watu wote. Ukiwaletea ya kuokoteza huku na huku, utaambiwa binti ataweza kulisha watoto wawili tu, na mgeni wa tatu atalala njaa.

Jumamosi wakwe wanakuja. Alhamisi bwana ya Mama Henriette, jirani wa mstari wa nyuma, akafariki. Kabla ya mchana vijana wako mlangoni na mti wao. Mama akawaangalia, akaangalia nyungu, akasema tu, "Mubebe polepole. Mule mu mguu munene, mushikilie."

Yaya Adolphine alilia kama yeye ndiye mfiwa. Ijumaa jioni Baba akajaribu. "Enda umwambie Henriette," akasema. "Ni siku moja tu. Ataelewa."

"Ataelewa, najua," Mama akajibu. "Na bantu benye beko kulia pale, batakula nini? Niende kutoa nyungu ku moto ya kilio, sababu minye niko na bageni? Apana, Baba Adolphine. Ile haya sitaiweza."

"Na mutoto yako?"

Niliona mkono wa Mama unavyokunja kitenge chake, unakunjua, unakunja. Na yeye aliogopa, msidhani hakuogopa. Ndoa ya mtoto wake wa kwanza ilikuwa pale.

Jumamosi tukawasha mbabula tatu na sufuria tatu za kawaida. Yaya Adolphine anasonga ya kwanza, Mama ya pili, mimi na miaka yangu tisa napewa kupepea makaa. Bukari ya kwanza ikatoka nzuri. Ya pili ikawa laini kama uji kwa sababu Mama alikuwa anatazama njia badala ya mwiko. Ya tatu, Mungu anisamehe, ilikuwa na mabonge ya kuhesabika. Yaya Adolphine akainamia ukuta. Na hapo hapo wageni wakabisha.

Tante Philo hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Alipita sebuleni kwa salamu mbili tatu, moja kwa moja mpaka nyuma, mwanamke mpana, kitenge cha njano, harufu ya sabuni. Akatazama kichanja. Akatazama sufuria tatu. Akatazama pale pasipo na kitu, ambapo chini palikuwa peusi kwa moshi wa miaka.

"Nyungu ya hii nyumba iko wapi?"

Yaya Adolphine alimfinya Mama mgongoni. Nilijua anachotaka: Mama aseme imetoboka, aseme iko kwa fundi, aseme lolote, maana nani anataja kilio siku ya kuposa? Ni kuita balaa kwa jina. Mama akamgeukia Tante Philo.

"Iko ku kilio, Tante. Jirani yetu alifiwa na bwana yake. Sikuweza kuifuata."

Mimi niliacha kupepea. Tante Philo akafungua kitenge chake cha juu, akakikaza upya kiunoni kama wanawake wanavyokaza wakienda kwenye msiba.

"Ni wapi pale?"

"Nyumba ya nyuma, ile yenye majani."

"Tuende basi. Tuko tunakaa huku tunangojea nini?"

Akatoka, na wakwe wote nyuma yake, na Baba nyuma yao akiwa amevaa koti lake la harusi. Tukabaki na bukari zetu tatu zinapoa. Yaya Adolphine alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, na gauni lake jipya. Alisema, "Imekwisha."

Walikaa muda mrefu. Tuliwasikia wakiimba na wafiwa. Waliporudi, macho ya Tante Philo yalikuwa mekundu, na kidoleni alikuwa na unga wa bukari uliokauka.

"Nilishakula mu nyungu yenu," alimwambia Mama. "Batu bote pale banakula mule. Ile mama mufiwa alinipakulia yeye mwenyewe." Kisha akamgeukia dada yangu pale vumbini. "Weye, simama, utachafula nguo. Hapa ndipo tutaoa. Lete na hizi bukari zako, tuone."

Akala zote tatu! Ya mabonge akaiangalia kidogo, akasema, "Hii, binti yangu, tutaongea siku ingine." Yaya Adolphine alicheka huku analia. Kilio kilipoisha, Mama Henriette mwenyewe akairudisha nyungu, imeoshwa, na ndani ameweka mafungu mawili ya sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya bibi harusi.

Ndiyo maana nikisikia watu wanasema sufuria ni sufuria tu, nakasirika kweli. Vyombo vile vilijua kazi zaidi ya kupika. Leo kila nyumba ina vyake, vimefungiwa kabatini, na jirani humjui anakula nini.

Mama alituacha kiangazi cha mwaka jana, wakati ule wa baridi na vumbi. Wajukuu walipanga kilio chote kwa simu, na siwasemi vibaya, walipanga vizuri. Traiteur, mpishi wa kukodi, akaleta viti vyeupe, chakula kimefunikwa, sahani za plastiki za kutupwa. Hakuna mwanamke aliyeingiwa na moshi machoni. Lakini pia hakuna waliokaa pamoja kuchambua sombe na kubishana juu ya chumvi, pale ambapo zamani mfiwa alichekeshwa mara ya kwanza bila kujua.

Mimi na Yaya Adolphine tulikaa mlango wa jiko. Nyungu ilikuwa nyuma yetu, safi, tumeisugua wenyewe asubuhi bila kutumwa. Kila mwanamke aliyeingia uani nilijiweka sawa, jibu liko tayari mdomoni. Walitushika mikono, wakatupa pole, wakaenda kuchukua sahani zao. Mama yangu alilisha vilio vya kamp nzima, na siku ya kilio chake hakuna aliyekuja kuomba nyungu.