Kobe Niliyemnunua Kasese

Baba mkwe wangu alipovuka mpaka pale Mpondwe akikimbia vita, alikuja na redio, blanketi moja na mfuko wa nguo za marehemu mke wake. Nyumba yake, karibu na Beni upande wa Kongo, ilikuwa imeungua. Tulimpa chumba cha uani nyumbani kwetu Bwera, upande wa Uganda, na kwa majuma mawili hakulalamika hata mara moja. Alikula alichopewa, akashukuru, akasikiliza misa redioni. Hata alipotueleza jinsi nyumba ilivyoungua alieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

Kisha siku moja mke wangu, akichambua maharage, akamuuliza kwa mazungumzo tu, "Papa, na yule kobe?"

Mzee akaweka kikombe chini, akalia mbele yetu.

Kobe huyo alikuwa ameishi uani kwake tangu mke wangu akiwa mtoto. Hakununuliwa na mtu. Alijitokeza bustanini msimu mmoja wa mvua, akakuta maganda ya ndizi na uyoga chini ya magogo, akabaki. Mzee alikuwa mpishi katika shule ya mapadri. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimpitia, akamwekea chochote kilichobaki jikoni, akamgonga gamba kwa kidole mara mbili.

"Niliacha mulango ya bustani imefungwa," alisema huku akijifuta macho kwa kiganja. "Batu bote balikimbia, na mimi nilikimbia. Sikumufungulia."

Mke wangu alimshika bega. Mimi sikujua la kufanya. Kwetu mkwe hamkumbatii mkwe mwenzake, na mimi si mtu wa maneno ya faraja. Kazi yangu ni kuwapitishia wafanyabiashara mizigo forodhani. Mtu akija na shida natafuta karatasi inayokosekana, naipata, shida inakwisha. Nadhani ndivyo nilivyoitazama huzuni ya mzee: kuna kitu kimekosekana, nami nitakileta.

Kasese kulikuwa na duka la wanyama wa kufuga, la pekee nililolijua upande wetu. Mbele waliuza chakula cha mbwa, minyororo na samaki wa rangi katika matangi. Nyuma, kwenye chumba chenye joto, kulikuwa na ndege wadogo, vinyonga ndani ya wavu, na kobe watatu ndani ya beseni. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kuuza chakula cha kuku. Aliwapenda wanyama, hilo nilikiri hata nilipokuwa na hasira naye. Alipokuwa akiongea nami alikuwa akimtoa samaki mmoja mgonjwa kwa kikombe, polepole, asimshtue.

Nilimchagua kobe mkubwa kuliko wenzake. Alikuwa wa ile aina ambayo gamba lake la nyuma lina kiungo. Akiogopa hulishusha akajifungia miguu kama mtu anayefunga mlango. Mke wangu alikuwa ameniambia kobe wa baba yake alifanya vivyo hivyo.

"Huyu amezaliwa wapi?" nilimuuliza.

"Tunaletewa, ssebo," alijibu, akiniita bwana kwa lugha ya kwao. "Amezoea watu, usiogope."

Kwa kazi yangu nasikia majibu ya namna hiyo kila siku, na kila siku huyatilia shaka. Siku ile sikuuliza tena. Nilinunua kobe, sanduku la kioo, balbu ya joto, mfuko wa chakula kikavu, na nikapewa karatasi ya maelekezo iliyochapwa kwa Kiingereza kutoka mtandaoni. Ilisema kobe akae mahali pakavu, balbu iwake mchana kutwa, ale majani tu, asipewe kitu chochote chenye nyama. Nilifurahi kuipata karatasi ile. Nilihisi nimeshughulikia jambo kisomi.

Nilipofika nyumbani mzee alisimama kwa heshima, kama ilivyokuwa desturi yake kila nilipoingia, ingawa mimi ndiye niliyepaswa kusimama mbele yake. Nilimkabidhi kobe. Alimshika kwa mikono miwili, akakaa naye kwenye mwanga, akamgeuza kidogo. Akapitisha kidole pembeni mwa gamba, kikasimama mahali fulani.

"Mukwe, ona. Kuko tundu."

Kulikuwa na tundu dogo, limetobolewa kwa msumari.

"Balimufunga kamba," alisema. "Huyu haiko nyama ya kuzaliwa mu duka. Iko mukubwa, anatoka mu majani. Labda aliacha na mayai huko."

"Papa, wale ni watu wa kazi hiyo," nilimwambia. "Wanajua."

Alimgonga gamba kwa kidole mara mbili, akanishukuru kwa muda mrefu. Mke wangu aliniambia usiku huo kwamba baba yake amefurahi sana. Nami niliamini, na bado naamini, alifurahi kweli.

Tuliliweka sanduku sebuleni, juu ya meza, karibu na soketi. Siku ya pili mzee aliniuliza kama kobe anaweza kukaa nje, penye migomba, kwenye unyevu. Nilimsomea ile karatasi, sentensi baada ya sentensi, nikimtafsiria. Akaniuliza kama anaweza kumpa konokono. Nikamsomea pale palipokataza. Akaniuliza kuhusu uyoga. Karatasi haikutaja uyoga, kwa hiyo nikasema hapana.

"Ya kwetu ilikula jongoo," alisema, akicheka kidogo. "Jongoo na uyoga. Mvua ikinyesha, iko sikukuu kwake."

"Ya kwenu ilikuwa ya porini, Papa. Hii ina maelekezo yake."

Leo nikilikumbuka jibu hilo naona aibu. Mtu alikuwa ameishi na mnyama wa aina ile zaidi ya miaka thelathini, nami nilimsomea karatasi. Isitoshe, baadaye nilikuja kujua kwamba karatasi yenyewe ilihusu kobe wa aina nyingine kabisa, wa nchi kame, asiyependa maji. Wetu alikuwa wa kivuli na majani yaliyooza. Tulikuwa tukimkausha.

Lakini sikuwa nimejua hilo bado. Nilichojua ni kwamba kobe hali chakula vizuri na kwamba macho yake yameanza kuzama. Nilimpigia simu mwenye duka. Akaniambia niisogeze balbu karibu zaidi, pengine anahisi baridi, Bwera kuko juu kuliko Kasese. Nikaisogeza.

Kisha kuna ile siku ambayo ningeweza kuifuta ningeifuta. Nilirudi mapema kutoka Mpondwe, malori yalikuwa yamezuiliwa upande wa pili na kazi haikuwepo. Sanduku lilikuwa tupu. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikamkuta baba mkwe ameketi kwenye kigoda katikati ya migomba, suruali ameikunja, na kobe yuko miguuni pake, amenyoosha shingo yote, anatafuna. Mzee alikuwa amemwagia maji ardhini akamvunjia konokono juu ya jiwe. Kumbe alikuwa akimtoa kila asubuhi nikishaondoka, akimrudisha kabla sijafika. Mke wangu alijua. Ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui.

Ningezingatia jinsi kobe alivyokuwa akila, mambo yangekwisha pale. Nilichokiona ni kwamba nimefichwa jambo ndani ya nyumba yangu.

"Hapa kuna utaratibu," nilisema. "Mimi ndiye niliyemnunua. Kama hamtaki kufuata utaratibu, mniambie."

Nilisema kwa sauti ile tunayoizoea mpakani, ile ya askari na wapagazi. Mzee alisimama. Akavuta suruali chini, akamuokota kobe, akampangusa tope kwa shati lake, akanipa.

"Pardon, mukwe," alisema. "Haitarudi tena."

Na haikurudi. Hakumgusa tena. Alipokuwa akipita sebuleni alitazama upande wa dirisha. Mtu anayeishi kwa mkwe wake, asiye na nyumba wala shamba, hana mahali pa kubishania. Nilijua hivyo. Nadhani ndiyo maana niliweza kumwambia.

Yalifuata majuma ya mvua. Umeme ulikatika siku nne mfululizo na balbu haikuwaka. Kobe, aliyekuwa amekaushwa kwa muda wote ule, sasa akapata baridi. Mapovu yakaanza kumtoka puani. Alipumua kwa mdomo wazi, akitoa mlio mdogo kama mlango usiopakwa mafuta. Nilimpigia tena mwenye duka, akasema nimpe vitamini kwenye maji. Sikuwa na vitamini. Jumapili tuliporudi kutoka kanisani tukamkuta amelegea, shingo iko nje, na kile kiungo cha nyuma hakikujifunga nilipomshika.

Mzee ndiye aliyechimba shimo, chini ya migomba. Hakusema neno la kunilaumu. Nilitamani aseme.

Kwa kuwa hakusema, nilikwenda Kasese kutafuta wa kumlaumu. Dukani kulikuwa na wateja wanne au watano. Nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti kubwa kwamba wanauza wanyama wa kuibwa porini, kwamba wanatoboa magamba yao, kwamba karatasi zao ni za uongo. Wateja wawili waliondoka. Mwenye duka alibaki nyuma ya meza, mikono ndani ya aproni.

"Sikuwatoboa mimi, ssebo," alisema nilipomaliza. "Wanaume wananiletea kwenye gunia kutoka porini, upande wa Katunguru. Nikikataa wanauza barabarani, wanakufa kwa jua. Nilifikiri hapa angalau wana maji."

"Na maelekezo?"

"Nilitafuta kwenye simu. Samaki ninawajua. Kuku ninawajua. Hawa wa magamba nilikuwa ninajifunza." Akaitoa mikono kwenye aproni. "Nani hapa Kasese ningemuuliza? Niambie, niende."

Nikamwambia, kwa kiburi, kwamba baba mkwe wangu anawajua kuliko yeye na karatasi zake zote.

Uso wake ulibadilika. "Mlete," alisema. "Ninakuomba. Au nitakuja Bwera mimi mwenyewe, nitakaa naye hata siku moja. Bado nina wawili hapa."

Wale kobe wawili walikuwa bado ndani ya beseni. Nilikuwa nimewaona.

"Huwezi kumuona," nilisema. "Umeshamuumiza vya kutosha." Nikaondoka. Nilimwekea mabegani kosa ambalo nusu yake lilikuwa langu, na sikumpeleka mtu pekee aliyeweza kuwasaidia wale wawili. Wala sikumwambia mzee kwamba ameitwa. Angekwenda. Angevaa koti lake la misa, angepanda gari la asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka angekuwa mtu anayehitajiwa mahali.

Niliendelea kulisema vibaya duka lile, Bwera na Kasese, kwa yeyote aliyenisikiliza. Baada ya muda likafungwa. Sijui kama ni kwa maneno yangu au kwa sababu nyingine, lakini nilipopita nikakuta milango imefungwa niliona fahari. Haikudumu. Miezi michache baadaye, sokoni Mpondwe, nilimwona mwanamume mwenye gunia akimuuzia dereva wa lori kobe aliyefungwa kamba ya katani kwenye tundu la gamba. Dereva alimuuliza anakula nini. "Chochote," akajibu mwenye gunia, akafunga gunia lake akaenda zake. Hakuna duka la kurudi kulalamika, hakuna simu ya kupiga, hakuna hata wa kujibu vibaya.

Watu huniuliza, wakijua kisa changu, kama maduka yale yawepo au yasiwepo. Zamani nilikuwa na jibu. Duka lile lilifanya mnyama wa porini aonekane kama kitu cha kawaida, kitu chenye bei na karatasi, na mtu kama mimi akaamini kwamba karatasi inatosha. Hilo ni baya, na lisingekuwapo nisingemnunua. Lakini ndani yake kulikuwa na mtu mmoja aliyesema hajui na akaomba kufundishwa. Mimi sikuwahi kusema hivyo, wala nyumbani wala dukani.

Baba mkwe alikaa nasi mwaka mmoja zaidi, kisha mwanawe wa kiume akamwita akaishi naye Butembo. Nilimsindikiza hadi mpakani, nikazishughulikia karatasi zake, zikapita haraka. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha hapo. Tulisimama kando ya malori, nikamwambia blanketi liko kwenye mfuko wa pili na asisahau kugongewa muhuri upande ule. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akavuka.

Mwaka huu nilimpigia simu mchana mmoja nikiwa kazini. Mkwewe wa kike aliyepokea alinionya kwamba mzee siku hizi hasikii vizuri. Nikasikia simu ikipokezanwa, kisha pumzi yake.

"Papa," nilisema, "nakuomba msamaha kwa habari ya kobe. Ulikuwa unajua, nami nilikukataza."

"Nani?"

Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mawakala wenzangu wakageuka kunitazama. Akajibu kwa furaha, kwa adabu yake ileile, "Aksanti, mukwe. Na siye tuko muzuri. Unisalimie mutoto yangu."

Nikamwambia nitamsalimia.