Maji ya Kivu

Baba alinifundisha jambo moja kuhusu mimea inayokula nzi: inyweshwe maji ya mvua tu. Maji ya ziwa Kivu yana chumvi inayochoma mizizi yake. Inakauka taratibu, hata ukiibembeleza vipi.

Mimea hiyo aliitunza pembeni mwa kinamasi chetu, kule Masisi. Ni midogo, myekundu, ina matone yanayonata. Tulipokimbilia Goma niliibeba ndani ya sufuria, pamoja na udongo wake mweusi. Baba hatukumbeba. Jirani aliyekitaka kinamasi hicho kwa ajili ya ng'ombe wake aliwaonyesha wenye bunduki mlango wetu, nao wakammaliza hapo hapo kizingitini.

Bustani yangu ni beseni kuukuu nililolichimbia kati ya mawe meusi ya volkeno. Nimeipigania kuliko watu wanavyopigania viwanja. Kunguru wakija kung'oa, nawatupia mawe na matusi. Mvua ya mawe ikinyesha, au upepo baridi wa kiangazi ukivuma na vumbi lake, naifunika kwa chandarua. Jua likitoka nafunua, maana nzi wasipoingia italala njaa.

Kisha vita vikawafikia hata waliotufukuza, na wakimbizi wapya wakajaa mtaani. Asubuhi moja nilimkuta mbuzi amechana chandarua, anatafuna. Nilimkamata pembe nikiwa tayari kumchinja. Hapo nikasikia mluzi nje ya ua, mfupi mara mbili, halafu mrefu. Ni yule jirani tu aliyekuwa akiita ng'ombe wake hivyo.

Aliingia amekonda, ndala zake hazifanani. Hakunitambua, mara ya mwisho nilikuwa mtoto.

"Pole, mama. Mbuzi yangu iko na njaa." Kisha akaliona beseni, akachuchumaa. "Hii majani! Ilikuwa ku kinamasi ya kwetu."

Ya kwetu! Nilitamani kumzamisha kichwa humo humo.

"Nipatie hata moya, mama. Nikumbuke nyumbani."

Nilimchagulia mmea wenye afya kuliko yote.

"Niko nainywesha mayi gani?"

"Mayi ya Kivu, papa. Asubui na mangaribi."

"Aksanti, mama. Mungu akubariki."

Tangu siku hiyo nilimwona akipandisha kutoka ufukweni Kituku, bidoni la maji ya ziwa begani, akihema. Nilijawa na furaha ambayo sikuwahi kuipata tangu Masisi. Siku moja alisimama mlangoni pangu, macho yamelowa, akasema mmea wake umeinama.

"Ongeza mayi, papa," nikamjibu.