Nadine na difu tatu za Delbert

Saa mbili asubuhi, Nadine Prusinski amepiga magoti kwenye sakafu ya gereji yake, nyuma ya nyumba, mjini Bay City, Michigan. Anapaka rangi ya njano kwenye meno ya gia kwa brashi ndogo kama ya kucha. Anaizungusha gia kwa mkono, polepole, kisha anasogeza taa na kuinama kutazama alama iliyobaki pale meno yalipogusana.

"Bado yanaumana kwenye ncha," anasema. "Nikiiacha hivi, mwezi mmoja tu itaanza kulia."

Anafungua bolti upya. Ni mara ya nne leo.

Nadine ana umri wa miaka sitini na moja. Kwa miaka thelathini na minne kazi yake imekuwa moja: difu, lile bonge la chuma la nyuma ya gari linalozungusha magurudumu. Kwa mwaka humbakia kama dola elfu thelathini. Magoti yote mawili yameshapasuliwa.

Wateja wake wengi ni wanaume wenye magari ya zamani ya injini kubwa, yale waliyoyatamani wakiwa shuleni wakaja kuyapata wakiwa na mvi. Kila mmoja huuliza afunge difu gani, naye huwauliza wanataka gari liwafanyie nini. Kuna gia za kuchomoka kasi taa ikiwaka kijani, na kuna gia za safari ndefu yenye utulivu. Huwaambia mapema kwamba vyote viwili hawatavipata.

Alidhani swali hilo analijua vizuri, mpaka Aprili iliyopita alipopigiwa simu na Marlene Voss.

Mume wa Marlene, Delbert, alipigwa na kiharusi Novemba iliyotangulia. Akili ilibaki nzima, lakini upande wa kulia ulilala na maneno yakakatika. Ndani ya banda lao ilikuwepo Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970, imepandishwa juu ya vigogo, haina kitu nyuma. Delbert alikuwa ameitoa difu iliyovunjika meno. Chini ya turubai alikuwa amekusanya nyingine tatu, bila kuandika popote ipi ni ya gari lile. Mtoto wao alitaka zote ziende kwenye chuma chakavu na gari liuzwe.

"Nilimwambia asubiri," Marlene anasimulia. "Nilitaka kumpeleka baba yake mpaka Daraja la Mackinac, kule kaskazini, kwa gari lake mwenyewe. Mara moja tu."

Nadine alikwenda na tochi, futi ya chuma na brashi ya waya. Delbert alikuwa mlangoni mwa banda, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini.

Difu ya kwanza haikumchukua muda. Kifuniko chake kilikuwa na bolti kumi, naye alitafuta kumi na mbili, na kwenye ekseli palikuwa na vikalio vya springi za bapa, ilhali Chevelle hukaa juu ya springi za mviringo. Ya pili ilikuwa na bolti kumi na mbili, na Nadine akadhani ameipata. Lakini alipotazama pale gurudumu linapofungwa, akakuta matundu sita badala ya matano. Hiyo ilikuwa ya pikapu.

Ya tatu ilikuwa imeliwa na kutu. Nadine aliisugua kwa brashi ya waya mpaka bolti kumi na mbili zikaonekana. Akapima upana, akasugua bomba la ekseli, na herufi zilizogongwa kiwandani zikajitokeza chini ya kutu. Ndiyo yenyewe.

Akafungua kifuniko, akahesabu meno: arobaini na moja kwa kumi. Gia za mbio. Kwa maili sitini kwa saa, injini ingezunguka zaidi ya mara elfu tatu kwa dakika, ikipiga kelele njia nzima.

Nadine akamgeukia Marlene. Akamweleza kwamba kwenye rafu yake kulikuwa na seti nyingine, arobaini na tatu kwa kumi na tatu, inayokwenda kimya, na kwamba kwa mgonjwa hiyo ndiyo ingefaa. Marlene akakubali. Wakaanza kupanga siku.

Ndipo Delbert alipopiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. Akapiga tena.

"Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto," Nadine anasema. "Gari la mtu, difu ya mtu, na mimi naamua bila kumuuliza, kama vile kiti chake ni kitupu."

Kesho yake alirudi na ile seti ya kimya. Akaweka ubao juu ya mapaja ya Delbert, akapanga gia zote juu yake, akamwomba radhi. Kisha akamuuliza lile swali lake.

"Mzee Delbert, unataka gari likufanyie nini?"

Delbert alipitisha kidole kwenye jino moja moja, bila haraka. Alipomaliza, aliisukuma pembeni seti ya kimya. Halafu akamnyooshea mkewe kidole, kisha akaunyooshea usukani.

Katika miaka arobaini ya ndoa yao, Marlene hakuwahi kuliendesha gari lile hata hadi mwisho wa mtaa; alidhani mtoto wao ndiye angeendesha.

"Utanitia wazimu wewe," alimwambia, huku akimfunga blanketi vizuri.

Nadine alizifunga gia zile zile za mbio kwa wiki mbili. Mwezi Juni, Marlene alipiga simu kutoka darajani.

"Masaa matatu na nusu njiani, Nadine. Hatukusikilizana hata neno moja," alisema. "Kwa kelele ile mimi sikuweza kuongea, yeye hawezi kuongea. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba tulikuwa sawasawa. Amecheka njia nzima."

Nadine anasimulia haya akifuta vidole vyake vyenye rangi ya njano. Kwa miaka mitatu alitafuta mtu wa kumwachia ufundi wake. Alikwishaweka tangazo akitaka mtu wa miaka ishirini na kitu, mwenye magoti mazima. Hakujitokeza yeyote.

Kuanzia Septemba, kila Jumamosi, atakuwa na mwanafunzi. Marlene Voss, mwenye miaka sitini na sita, ndiye aliyeomba nafasi hiyo, na ameshanunua ovaroli.

"Magoti yake mabovu kuliko yangu," Nadine anasema. "Nitaweka meza ndefu. Tutafanya kazi tumekaa."