Masizi Kwenye Mlango wa Hewa

Gari letu lilianza kutetemeka asubuhi. Ukiliwasha linashika vizuri tu, halafu linatikisika dakika mbili tatu mpaka vioo vya pembeni vinacheza, kisha linatulia. Sikujali sana. Nafundisha kemia katika sekondari moja hapa Bariadi na safari yangu ya kila siku ni fupi. Nikifika getini linakuwa limeshapona lenyewe.

Siku tuliyotoka Shishiyu kumsalimia mama mkwe ndiyo iliyonishtua. Alitupakilia magunia mawili ya mahindi. Kwenye mwinuko mmoja ambao gari lilizoea kuupanda bila shida, lilikosa nguvu kabisa. Mume wangu alikanyaga mafuta hadi chini na bado lori la pamba lilitupita, watu waliokaa juu ya marobota wakatupungia mkono.

Nilimpelekea fundi ninayemwamini, yule wa karibu na stendi. Alibadilisha plagi, halikupona. Akabadilisha koili za umeme wa plagi, halikupona.

"Hii ni petroli mbaya, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Kama petroli ni mbaya, kwa nini litetemeke likiwa baridi tu? Likipata moto inageuka kuwa nzuri?"

Alicheka. "Mwalimu, wewe fundisha. Mimi nitengeneze."

Sikumkasirikia, ila swali langu nilirudi nalo nyumbani. Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu kuhusu injini ya aina ile, na nikajifunza jambo ambalo sikulijua miaka yote niliyoendesha. Katika injini za zamani petroli huingia pamoja na hewa, na ikipita huziosha valvu, ile milango midogo inayofunguka kuruhusu hewa iingie kwenye silinda. Ya kwetu hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu zake haziguswi na petroli hata tone. Zinapitisha hewa, pamoja na mvuke wa oili unaorudishwa na kijibomba kimoja kutoka tumboni mwa injini. Mvuke ule hunata kwenye valvu ya moto, hukaangika, hugeuka masizi, na masizi hushika masizi.

Nilikuwa nimefundisha kaboni ubaoni mara nyingi mno. Hii nilitaka kuiona.

"Unataka kufungua injini hapa nyumbani?" mume wangu aliuliza wakati wa chakula. Yeye ni bwana shamba, huzunguka vijijini kwa pikipiki ya kazi, kwa hiyo gari lingeweza kulala siku mbili bila kumkwamisha.

"Siyo injini yote. Naondoa manifodi tu, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda."

Alitikisa kichwa. Aliyejibu alikuwa dada yake. Wifi yangu huyo ni tabibu wa meno; alikuwa amehamishiwa hospitali ya hapa akitokea Mwanza, na huo ulikuwa mwezi wake wa pili kwetu akisubiri kupata nyumba. Tulikuwa tunaheshimiana kwa umbali. Mazungumzo yetu yalikuwa ya maji yametoka, maji yamekatika.

"Wifi, hayo masizi ni magumu au laini?" aliuliza.

"Wanasema magumu."

"Kama ugaga unaoganda kwenye meno?"

"Labda."

"Basi usije ukayakwangua makavu. Yalainishe kwanza." Akaweka kijiko chini. "Jumamosi sina zamu. Nitakusaidia."

Jumamosi asubuhi tulitandika turubai uani. Nilitoa waya wa betri, tukavaa glavu na miwani, nikaanza kufungua huku nikipiga picha kila hatua. Wifi alitoboa matundu kwenye kipande cha boksi, kila bolti ikachomekwa kwenye tundu lake na kuandikiwa ilikotoka. Bolti ya mwisho ilikuwa nyuma kabisa, mahali pasipoonekana. Mkono wangu haukupita. Wake mwembamba ulipita, na kwa kupapasa tu aliifungua baada ya karibu saa nzima.

Manifodi ilipotoka tuliinama wote wawili na tochi ya simu.

Sikutegemea yawe mengi vile. Kila silinda ilikuwa na vijia viwili vya hewa, na mwisho wa kila kijia valvu ilikuwa imevaa ukoko mweusi, mnene, uliopasukapasuka kama tope la lambo wakati wa kiangazi. Mguu wa valvu, ambao ni chuma chembamba kama kalamu, ulikuwa umenenepa karibu mara mbili. Hewa ilikuwa inapenya kwa kuomba.

"Huyu mgonjwa hajawahi kupiga mswaki," wifi alisema. Nilicheka mpaka mgongo ukauma.

Kazi yenyewe ina sharti moja: valvu unayoisafisha lazima iwe imefunga, la sivyo uchafu unadondokea ndani ya silinda. Niliondoa plagi ili injini izunguke kwa urahisi, nikaizungusha kwa spana kubwa kidogo kidogo, yeye akiangalia.

"Bado. Bado. Simama, imefunga."

Tulimimina kiasi kidogo cha dawa ya kusafishia kabureta. Ilikaa, haikushuka. Tukasubiri nusu saa. Kisha tukakwangua kwa vijiti vya mianzi na brashi laini ya shaba, tukafyonza uchafu kwa bomba la sindano kubwa lililofungwa mpira, tukafuta kwa vidonge vya pamba. Wifi alileta pia vifaa vyake vya zamani vya chuoni: koleo nyembamba na kioo kidogo chenye mpini mrefu, kile wanachokutia mdomoni.

Kila kidonge cha pamba kilichoingia alikichorea mstari kwenye boksi. Kikitoka, alikata mstari ule. Nilimwona anazidisha.

Silinda ya kwanza na ya nne ziling'aa kabla ya saa sita. Kwenye ya tatu, alasiri, alihesabu mistari ya boksi mara mbili.

"Sita zimeingia. Zimetoka tano."

Tulitafuta kwenye turubai. Tulitafuta kwenye ndoo ya taka, kwenye glavu, chini ya viatu. Mume wangu alirudi akatukuta tumepiga magoti.

"Mwadila," alitusalimia. "Mmepoteza nini?"

"Kidonge cha pamba."

"Pamba? Si itaungua tu? Fungeni gari."

Nakiri, na mimi nilitaka kuamini hivyo. Nilikuwa nimechoka, na najua pamba inaungua. Lakini kabla haijaungua ingeweza kubanwa na valvu, na valvu isiyofunga vizuri ni balaa.

"Kaka, hatufungi," wifi alisema, bila kupandisha sauti.

Aliingiza kile kioo kidogo kwenye kijia, akakigeuza taratibu, akakigeuza tena. Mimi nilimshikia tochi.

"Ipo. Imejibana nyuma ya mguu wa valvu. Imekuwa nyeusi kama masizi yenyewe."

Aliitoa kwa koleo na kuukata mstari wake.

Mume wangu alipoingia kuoga mimi na wifi tulikaa kwenye turubai tukinywa chai, na hapo wifi akaniambia. Miaka ya mwanzo ya kazi aliwahi kusahau kipande cha pamba kwenye fizi ya mama mmoja. Mama yule alivimba shavu wiki nzima ndipo akarudi. Hakumshitaki, hakumgombeza, alimwambia tu, "Mwanangu, kuna kitu umeniachia."

"Kaka hajui," alisema. "Tangu siku hiyo nahesabu."

Nilimwongezea chai.

Jumapili baada ya kanisa tulimaliza silinda ya pili, tukaweka gasketi mpya ya kuziba maungio, tukarudisha kila bolti mahali pake. Niliwasha. Likakohoa, likatoa moshi mzito uliowafanya majirani wachungulie, likataka kuzima. Kisha likashika. Lakini injini ilikuwa imeshapata moto, na hilo halikuthibitisha kitu. Jumatatu niliamka mapema, nikatoka na kanga, nikaliwasha likiwa baridi. Halikutetemeka. Nilimwita wifi akaja na mswaki mdomoni, akaweka kiganja juu ya boneti, akatingisha kichwa kukubali.

Mafuta linakula kama zamani, sitadanganya. Ila nguvu zimerudi. Tulimpeleka wifi Nyashimo kwa rafiki yake na malori tuliyapita sisi.

Wiki ile nilipita kwa fundi na kopo la masizi. Aliyamwaga kwenye kiganja, akayavunja kwa kucha, akayanusa.

"Yametoka wapi haya?"

Nikamweleza. Alifungua boneti mwenyewe, akaniambia niwashe, akainamisha sikio, akasikiliza. Halafu akavuta kigoda, akakisogeza kwangu.

"Kaa, mwalimu. Ile bolti ya nyuma kabisa, uliifikiaje?"