Theluji ya Darasa la Pili

Mwalimu wa sanaa wa shule ya msingi ya mtaani kwetu, hapa Ibra, Omani, amefariki dunia. Ijumaa asubuhi, chai yangu ikiwa bado mkononi, dada yake alinipigia simu na hakuweza kusema zaidi ya "Katutoka, bibie, katutoka." Alilala mzima, hakuamka. Wasomaji wangu mnanijua, mimi si mtu wa kukosa la kusema, lakini siku ile nilitua kikombe tu, nikatafuta buibui. Hatukuwa mashoga wa kupikiana. Tulijuana kwa sababu wajukuu zangu wamepita mikononi mwake, na kwa sababu kila nikirudi kutoka Maskati hupitia Bidbid, ambako kuna duka lenye pamba nyeupe aliyoipenda. Alhamisi nilimnunulia furushi moja nimpelekee shule ikifunguliwa. Lilikuwa bado ndani ya gari.

Pamba hiyo ilikuwa theluji. Kila mwaka baridi ikiingia na watoto wakaanza kuja shule na sweta juu ya kanzu, madarasa mengine hujaa watu wa theluji wenye pua za karoti, waliochapishwa kutoka mtandaoni. Watoto huwapaka rangi bila kujua wanachopaka. Yeye hakuwataka. Alizaliwa Moshi, baba yake akiuza vitambaa huko kabla ukoo haujarudi Omani, na utotoni aliuona Kilimanjaro kila akifungua dirisha la jikoni. Basi ukuta mzima wa darasa la pili aliutengenezea mlima wa karatasi za kaki, na kila mtoto akabandika kipande chake cha pamba, kuanzia mabegani kwenda juu. Kilele kilibandikwa mwisho, darasa zima kwa pamoja, na siku hiyo ilikuwa sikukuu yao.

Mwaka juzi nilikuwapo darasani bibi mmoja, mzee wa Unguja, alipoingia kumchukua mjukuu wake akauona ukuta ule.

"Audhubillahi! Pamba ukutani? Pamba ni ya maiti, mwanangu. Uchuro huu!"

"Shikamoo, bibi," mwalimu akamjibu. "Hii theluji ya kwetu."

"Theluji ya kwenu wapi? Wewe si wa hapa hapa Ibra?"

"Wa hapa, bibi. Lakini theluji yangu iko Moshi."

Bibi alicheka bila kupenda, akaketi kwenye kiti cha mtoto, na kabla hajaondoka naye alikuwa keshabandika kipande. Nami nilirudi nyumbani nikiwaza. Sisi tuliotoka bara na visiwani tumewaachia watoto hawa pilau, mandazi na maneno machache wanayoyavunjavunja. Tulichokiona kwa macho yetu tulipokuwa na umri wao hatujui tuwape vipi. Mwalimu yule alijaribu kuwapa kwa gundi, na kila baridi ikiisha kazi yake ilibanduliwa, ukuta ukasafishwa, akangoja mwaka mwingine. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Ijumaa ile nilikwenda nyumbani kwao. Wanawake waliokuwa wakimwosha waliomba pamba, kwani iliyokuwepo haikutosha, na maduka yote yalikuwa yamefungwa kwa sala. Kisha nikatoka hadi kwenye gari nikaleta lile furushi. Aliyelipokea mlangoni alikuwa bibi yule yule wa Unguja. Alilishika, akanitazama usoni, akajua lilikuwa la nini.

"Ya Rabbi," akasema. "Na mimi nilimwambia uchuro!"

Nilitaka kumwambia kwamba mauti hayaletwi na maneno ya mtu, kwamba Mungu ndiye apangaye. Yeye anayajua hayo kuliko mimi. Nikamshika mkono tu, tukalia pamoja pale mlangoni. Furushi lilitumika lote, halikubaki hata kipande.

Matanga yalipokwisha, mkuu wa shule aliniomba nikaseme na darasa la pili, eti kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno. Nikaenda. Mlima ulikuwa ukutani, mweupe mabegani, kileleni karatasi ya kaki tupu. Watoto walikuwa wameshaambiwa kwamba mwalimu wao amekufa, na bado mikono yao ilikuwa na gundi. Msichana mmoja wa mbele alisimama.

"Bibi, wapi thalj?" aliuliza. Theluji wanaiita kwa Kiarabu, ndilo neno wanalolijua, na mwalimu wao walimwita abla. "Abla alisema wewe utaleta."

"Imekwisha, mwanangu."

"Imekwenda wapi?"

"Kaichukua abla."

"Yote?"

"Yote."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaketi, akaanza kubandua gundi vidoleni. Wenzake nao wakaanza kubandua zao. Nimeandika safu hii miaka mingi nikidhani kazi yangu ni kutoa majibu. Somo nililotoka nalo darasa la pili ni dogo na halinisaidii kitu: unaweza kumjibu mtoto kweli tupu, yeye akaridhika, ukabaki wewe ndiye usiyejibiwa.