Mawe Ndani ya Shitingi

Léopold alichimba mitaro ya watu huko Mbarara, na huku nyumba yake mwenyewe kambini Nakivale ikinywa maji. Msimcheke, mganga hajigangi. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, chini ya kilima, na kila mvua ilipopiga, maji ya bati na maji ya ardhini yalikutana nyuma, kwenye chumba cha mama yake, Yudita. Bibi wa watu alikuwa amekivuta kitanda chake katikati ya chumba, akikohoa. Mwaka ule wa 2012 Léopold aliapa kwamba mvua za Septemba hazitamkuta mama kwenye unyevu.

Dawa aliiona kazini Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, kwenye nyumba ya tajiri Buruhan: mtaro uliojazwa mawe, unaoyapokea maji na kuyapeleka mbali na msingi. Kabla ya mawe, mafundi walitandika kitambaa cheusi. Léopold alitaka kuuliza ni cha nini, lakini msimamizi, Kamaldin, akamkemea: "Wewe leta mawe! Hiyo kitambaa wachia mafundi." Kuuliza si ujinga, wanasema. Mwambie hayo mkimbizi anayeogopa kufukuzwa kazi.

Nyumbani alichimba vizuri, mteremko ukakaa sawa, akateremsha mawe kutoka kilimani. Mkewe Orpa akamletea kitenge kikuukuu.

"Baba Ushindi, tandika hii."

"Hapana, itaoza. Shitingi haiozake."

Akachukua shitingi, lile turubai la msaada ambalo kambini ni paa, ni mlango, ni mkeka, ni machela ya mgonjwa. Lilikuwa limemsaliti nani? Akayafunga mawe humo barabara, juu na chini, udongo usipenye. Jirani yake Nehemiya alikuja kutazama, akaenda kuchimba mtaro wake vilevile, na shitingi yake.

"Mama, sasa utalala fasi ikavu," Léopold alisema. Yudita akambariki, akakirudisha kitanda ukutani.

Mvua ilipiga mchana, Léopold akiwa Biharwe. Alipofika, ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini, na watu walikuwa wameshamtoa mama yake kwenye matofali. Alikuwa amekufa.

Baada ya maziko alichukua jembe, akaufukua mtaro. Udongo ulikuwa uji. Akaichana shitingi: ndani yake mawe yalikuwa makavu, na vumbi lake la kilimani. Kile kitambaa cha Biharwe kilizuia udongo tu, maji kiliyapitisha; hapa maji yalikosa pa kuingilia, yakapita chini ya shitingi hadi kwenye msingi. Léopold akalia kwa sauti mbele ya waombolezaji, mtu mzima yule, bila kujificha uso.

"Ni mimi niliua mama," akamwambia Orpa.

Upande wa Endiinzi mawingu yalikuwa yamejaa tena. Léopold akasimama, akatembea na matope yake hadi mlangoni kwa Nehemiya.

"Mutoke mu nyumba," akasema. "Mutoke bote."